Siku yangu moja na udongo wa mbuga, kutoka Buzuruga mpaka chini kwenye majaluba

Saa 10:40 alfajiri. Nimeamka kabla ya alamu, ngurumo ndiyo iliyoniamsha. Ni mwisho wa Septemba, vuli bado haijafungua, ila ukiishi Mwanza unazijua hizi ngurumo za alfajiri kutoka majini. Usiku upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, kila upande unapeleka wa kwake, pepo hizo zinakutana huko katikati zinapanda juu na mvua inamwagikia humohumo ziwani, sisi huku tunaambulia kuona radi tu. Ndo maana huwa nawaambia watu kukaa karibu na ziwa sio kupata mvua. Bukoba ng'ambo ya pili wanapata kama milimita 2,000 kwa mwaka, Mwanza mjini hatuzidi sana 1,000, na ukiingia ndani kuelekea Kwimba zinazidi kupungua, na ziwa ni lilelile.

Naanza na mvua kwa sababu fomu yangu inaanza na mvua. Kazi yangu ni kuelezea udongo, yaani tunachimba shimo, tunaingia ndani, tunaandika kila tabaka, af karatasi ile ndo inamsaidia mtu wa kilimo au wa barabara kujua anakanyaga nini. Wengi wanadhani mstari wa kwanza ni rangi au rutuba. Hapana. Kwanza mvua ya mwaka na miezi yake, joto, mwinuko, mteremko, mahali ulipo kwenye kilima, maji yanaingiaje na yanatokaje. Udongo wenyewe unakuja baadaye.

Saa 12 kamili Buzuruga, chai na chapati mbili, gari la ofisi limenipitia na vijana wawili wa kuchimba wako nyuma na sururu zao. Barabara ya Musoma, Igoma, Kisesa, jua linachomoza kulia kwetu juu ya yale mawe. Yale mawe ya Mwanza wageni wanapiga nayo picha, mimi nayaangalia kama mama wa udongo wote wa huku. Ni matale, mawe ya zamani sana, zaidi ya miaka bilioni 2.5, na yanavyolika taratibu yanaacha mchanga pale juu kilimani na vile vilivyoyeyuka vinashuka na maji kwenda bondeni. Shika hilo la kushuka na maji maana siku yangu yote ilikuwa hilo.

Saa 1:50 asubuhi tumefika, kijiji kipo kabla ya Magu, kutoka juu unaliona ghuba la Speke linang'aa mbali. Mwenye shamba ni bibi mmoja, shamba lake limeanzia kwenye mawe juu mpaka chini kabisa mbugani, yaani bondeni kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ndo maana tulimwomba yeye. Nikampigia goti kidogo, "Shikamoo bibi, mwangaluka." "Marahaba mwanangu, mwangaluka. Mmekuja na sururu, hamjaja na maji ya kulainisha? Mbuga ya sasa hivi ni chuma." Na ni kweli, jana yake vijana walitumia siku nzima kufikisha mita moja na nusu.

Saa 2 mpaka saa 4 tukashuka mteremko na auga, kile chuma cha kutobolea udongo. Juu kabisa chini ya mawe Wasukuma wanaita luguru, kokoto na mawe hakuna la kuelezea sana. Hatua kama mia mbili chini yake ni luseni, kichanga cheupe chenye wekundu kidogo, ana mihogo na viazi. Nikamwaga maji kwenye ringi ya chuma ya kupimia maji yanavyozama, sentimita kumi za maji, nikaangalia saa, zikanywewa hata sijamaliza kuandika tarehe. Mteremko hapo asilimia 4, GPS inasema mita 1,168. Ziwa lenyewe liko kama mita 1,135 kwa hiyo hapo tuko juu ya maji ya ziwa kwa mita thelathini na kitu tu, mita thelathini hizo ndo zenye udongo wa aina nne tofauti kabisa!

Chini zaidi itogolo. Hapa juu kuna kichanga kidogo, kama shubiri moja, af auga inagonga kitu kigumu inagoma. Lile tabaka gumu ndo linazuia maji yasizame, na ndo maana majaluba ya mpunga yapo hapo, watu walijenga matuta ya udongo kuzunguka vipande vyao wakijua kabisa maji yakiingia hayaendi popote. Af chini ya majaluba, pale pakavu pamepasukapasuka mpaka macho yanaishia, mbuga yenyewe.

Mwaka 1935 mtaalamu mmoja anaitwa Geoffrey Milne, alikuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga, aliupa mpangilio wa namna hii jina la katena, kwa Kilatini ni mnyororo. Udongo wa juu kilimani na wa chini bondeni sio vitu viwili vilivyokutana kwa bahati, wameshikana kama pete za mnyororo, kinachomtoka wa juu ndo kinamjenga wa chini. Jina hilo linafundishwa dunia nzima sasa hivi na limezaliwa Afrika Mashariki, mi huwa najisikia vizuri sana nikilisema nikiwa nimesimama kwenye mteremko wenyewe. Ila bibi na wenzake walikuwa na majina ya kila pete tayari, na majina yao yanabeba maji ndani yake. Ukimwambia Msukuma itogolo hajafikiria rangi, kashafikiria maji yatakavyosimama.

Saa 4:30 nikaingia shimoni mbugani. Hapa nitaongea sana mnisamehe.

Kwanza nyufa. Nikachukua fimbo nyembamba ya mtama nikaizamisha kwenye ufa mmoja, ikaenda sentimita 70 ndipo ikagusa kitu. Upana unaingiza vidole vinne. Ndani ya shimo ukuta ni mweusi tii, nikabandua donge nikalilowesha nikaweka pembeni ya kitabu cha rangi juani, ukurasa wa 10YR, kiboksi cha 2/1, yaani nyeusi, hakuna ubishi. Kuanzia kama sentimita 50 kwenda chini ukibandua donge unakutana na uso umeteleza unang'aa, una michirizi, kama chungu kilichosuguliwa kwa kokoto ya mtoni kabla hakijachomwa. Huo ni udongo umejisugua wenyewe. Ukilowa unavimba, ukivimba hauna pa kwenda, vipande vinapandiana vinatelezeana, ukikauka unapasuka tena, kila mwaka hivyohivyo. Udongo wa aina hii lazima uwe na mfinyanzi zaidi ya asilimia 30, na huu ukiusokota kidoleni unatoa utepe mrefu haukatiki, uko mbali juu ya hapo.

Sasa kwa nini uko hapa na sio kule juu? Hapa ndo mvua na mteremko vinapokutana. Mteremko hapa haufiki asilimia moja. Madini ya kalisi (kalsiamu) na magnesi (magnesiamu) na silika vilivyooshwa kule juu vinafika hapa vinasimama, na mvua yenyewe ya milimita mia tisa hivi haitoshi kuviosha viondoke kwa sababu jua la mwaka mzima linadai maji mengi kuliko yanayonyesha. Vinabaki, vinajenga huu mfinyanzi unaovimba. Na ushahidi upo: kwenye sentimita 95 nikaona punje nyeupe kama za mtama, nikadondosha tone moja la asidi, ikachemka chaaa na povu. Chokaa. Kungekuwa na mvua ya Bukoba hapa chokaa hiyo ingeshaenda zamani. Kwa hiyo punje ndogo nyeupe inakusomea hali ya hewa ya mahali, mimi hilo mpaka leo linanisisimua.

Kipimajoto nilikichomeka ukutani sentimita 50 chini. Saa 5 kilisoma 26. Saa 8 mchana huku juu jua linachoma kisogo, kikasoma 26 ileile. Nusu mita chini mchana na usiku havina habari. Na mwaka mzima huku tofauti ya miezi ya joto na ya baridi ni ndogo, haifiki digrii 6, ndo maana kwenye fomu udongo wetu unaingia kundi la joto la juu lisilobadilika. Mstari mmoja tu huo ila mtu wa mbali akiusoma anajua huku mbegu haisubiri udongo upate joto, inasubiri maji.

Saa 7 chakula, bibi ametuletea matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga, chini ya mwembe pale luseni. Nikamuuliza mbuga unailima lini. Akasema, "Mvua ya kwanza unaiacha. Ya pili inaziba nyufa. Hapo una siku chache, ukiwahi plau inaruka juu, ukichelewa ng'ombe wanazama." Nikaandika vilevile alivyosema, neno kwa neno, pembeni ya fomu. Hakuna kiboksi cha hilo ila ndo tabia ya udongo huu yote.

Niseme na jambo linaloniuma. Nilishakuwa kwenye mradi mmoja ambapo sampuli zilikusanywa shamba zima zikachanganywa ndoo moja, luseni na itogolo pamoja, mfuko ukaandikwa jina la mkulima tu, hakuna mteremko hakuna maji. Majibu ya maabara yalikuja yamepigwa chapa vizuri, ya udongo ambao haupo popote. Mkulima akashauriwa kupanda mahindi na mbolea ya kukuzia shamba lote. Kule juu yalikuwa mazuri. Huku chini maji yalisimama Aprili nzima, mahindi yakawa njano, ile naitrojeni ikapotea hewani kwenye tope, na alikopa hela ya mbolea. Nilienda kumwona. Alinipa kiti akanikaribisha maji ya kunywa, hakunilaumu kwa neno hata moja, mimi nilishindwa kumwangalia usoni. Tangu siku hiyo sijazi fomu ya udongo nikaacha mstari wa maji wazi.

Saa 9 ndo nikabaki na mstari huo, maji ya chini, kina chake, yanapanda mwezi gani na yanashuka mwezi gani. Takwimu za ofisini zilishajazwa Machi mpaka Mei, zimetokana na mvua ya kituo cha uwanja wa ndege Mwanza, na kituo kile kipo ufukweni kabisa, mimi niko bondeni linalopokea maji ya kilima kizima. Nikaenda kwenye shimo la pili, mpakani mwa itogolo na mbuga, nikaangalia ukuta. Kuanzia sentimita 40 kuna madoa ya kutu, rangi ya machungwa iliyoiva, yamefuata njia za mizizi ya zamani na katikati yake udongo ni kijivu. Maji yakikaa muda mrefu hewa inaisha, chuma kinayeyuka na kuhama, maji yakishuka hewa inarudi kupitia zile njia za mizizi na chuma kinashika kutu hapohapo. Kwa hiyo 40 ndo alama, maji huwa yanafika hapo na kukaa. Kutu inakuambia mpaka wapi, haikuambii mwezi.

Pembeni kuna kisima cha kienyeji, tukashusha kamba yenye jiwe, mita 4.2 mpaka kwenye maji. Hiyo ni leo, mwisho wa kiangazi. Bibi alishaondoka kwenda msibani kijiji cha jirani kwa hiyo swali la miezi halikujibiwa, nikaliacha kwa penseli.

Saa 11 jioni tumefukia mashimo, maana ng'ombe wanapita usiku, sampuli saba kila moja na mfuko wake na kina chake. Njiani foleni ya Igoma kama kawaida, vijana wamelala.

Saa 2 usiku nyumbani, nimekula sato na ugali, nimefungua kompyuta naingiza. Mwinuko, mteremko, mvua, joto, maji yanatoka vibaya, ya mvua ya kwanza yanaingia haraka kupitia nyufa, zikishaziba yanaingia polepole sana, hilo nalo nimeliandika mara mbili maana mtu akisoma nusu atakosea. Nimefika mstari wa maji ya chini. Nikampigia mjukuu wa bibi, namba alinipa asubuhi. Akaniambia ngoja yuko hapa amerudi, nikasikia simu inahamishwa na kuku wanalia.

"Bibi, pole na msiba. Samahani kwa usiku huu, lile kisima mnainama na kata kuchota bila kamba kuanzia mwezi gani?"

"Asante mwanangu. Mwaka wa kawaida mwezi wa tatu mwishoni, wa sita mwanzoni unarudi kwenye kamba. Ila ule mwaka ziwa lilipopanda, watu wa ufukweni wakahama, sisi tulichota kwa kata mpaka wa nane umeanza. Na mpunga ule wa chini kabisa hatukuvuna."

Ule mwaka ni 2020, maji ya ziwa yalipanda sana mwezi wa tano. Nikamwambia wabeja bibi, nikafuta ile Machi mpaka Mei, nikaandika mwisho wa Machi mpaka mwanzo wa Juni, sentimita 40, na chini yake mstari wa pili peke yake: 2020, mpaka Agosti.