Soksi za Shangazi: ninunue au nifume?

Mtu wa kubeba mzigo amepatikana. Jirani yetu anakwenda Mbeya mwezi Desemba, na kifurushi kidogo cha kupeleka Makete hakitamlemea. Shangazi anahitaji soksi za sufu. Kule juu, Juni na Julai, umande huganda kwenye majani ya viazi, naye alfajiri yuko kwenye pareto yake kama kawaida.

Hapa Trondheim, Norway, soksi zenye maua zimejaa madukani. Ua lenyewe limepata umaarufu kwa ufumaji wa Selbu, si mbali na hapa: petali nane, jeusi juu ya jeupe. Inasimuliwa kwamba mwaka 1857 msichana mmoja, Marit Emstad, alifuma glavu za rangi mbili akaenda nazo kanisani, na watu wakazitamani. Ningeweza kulipa, nikafunga mzigo, kazi ikaisha. Tena za mashine, tuseme ukweli, zimenyooka kuliko zangu.

Lakini namjua Shangazi. Vitambaa vya makochi vya ukoo mzima kavifuma yeye kwa kroshia, na akipewa kitu kilichofumwa, jambo la kwanza ni kukigeuza ndani nje. Ua halimshughulishi. Anakagua kule nyuma, nyuzi zinakorukia kitanzi hadi kitanzi, ndipo aseme “ehee” au anyamaze. Nataka ile “ehee”. Soksi ya dukani ataipokea vizuri tu, atashukuru, ataiweka sandukuni pamoja na vitu vya wageni.

Basi nafuma. Sindano tano nyembamba, za milimita 2.5, na macho yanauma. Kazi ya rangi mbili ina ukorofi wake: uzi usio na zamu hupita kwa nyuma. Ukiuvuta, soksi inakakamaa na kisigino hakipiti. Ukiulegeza mno, kidole kinanasa ndani. Ndiyo maana ua nimeliweka shingoni tu. Chini ni rangi moja, kwa uzi wenye nailoni kidogo, maana sufu tupu huisha upesi kisiginoni. Na Shangazi atazivaa na ndala, hilo halina mjadala, kwa hiyo urembo wa vidoleni ungeliwa na ule mkanda. Uzi pia nimechukua usiosinyaa kirahisi kwenye maji ya moto. Wanaofua ni wajukuu, na wajukuu hawasomi lebo.

Kilichobaki ni kipimo. Nikimuuliza mwenyewe, siri imetoka, kwa hiyo nilimtuma binamu amvizie. Jana kaleta picha: ndala imelazwa juu ya daftari la hesabu, rula pembeni, sentimita 27. Shangazi ninayemjua mimi ana miguu midogo, na mlangoni kwake ndala huvaliwa na yeyote anayewahi.

Nimemjibu: hiyo ni ya nani?