Alama 12: jinsi Collingwood walivyotwaa ubingwa wa 2023

Septemba 2023 Collingwood, klabu ya AFL, ligi ya kandanda ya Kiaustralia inayochezwa kwa mpira wa umbo la yai, walicheza mechi tatu za mtoano na wakashinda zote. Waliwafunga Melbourne 60–53, GWS (Greater Western Sydney) 58–57, Brisbane 90–86. Jumlisha tofauti: saba, moja, nne. Alama 12, yaani magoli mawili, ndizo zilizotenganisha ubingwa wa 16 wa klabu hiyo na kurudi nyumbani mikono mitupu. Wapo waliosema ni bahati tupu. Mimi sikubali, na sababu zangu ziko kwenye ubao wa matokeo na kwenye saa ya mchezo.

Kwanza hesabu, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Kila upande wa uwanja una nguzo nne. Mpira uliopigwa kwa mguu ukapita katikati ya zile mbili ndefu, zilizoachana mita 6.4, ni goli, na goli ni alama 6. Ukipita kati ya nguzo ndefu na fupi ni alama 1, ambayo hapa nitaiita pembeni. Ukigonga nguzo ndefu, au ukiguswa kwa mkono kabla ya kuvuka mstari, ni pembeni hata kama umeingia katikati kabisa. Matokeo huandikwa magoli, nukta, pembeni, kisha jumla kwenye mabano. Fainali ya tarehe 30 Septemba, mbele ya watu 100,024 uwanjani MCG (Melbourne Cricket Ground), iliandikwa hivi: Collingwood 12.18 (90), Brisbane Lions 13.8 (86).

Soma tena. Brisbane walifunga magoli mengi zaidi na wakapoteza. Kwa msomaji aliyelelewa na soka hilo linakera, lakini ndivyo mchezo ulivyo: pembeni 10 za ziada zinafuta goli moja na kubakiza alama 4. Kosa ni kudhani kila pembeni ni shuti lililoharibika. Nyingine ni beki wa upande wa pili aliyebanwa akaamua kuusukuma mpira mwenyewe nyuma ya mstari wake, atoe alama 1 kuliko kutoa 6. Sheria inamruhusu ikiwa kweli amebanwa. Akifanya hivyo akiwa huru, wapinzani wanapewa mpira palepale golini. Kwa hiyo pembeni 18 zinakueleza kwamba mpira ulikuwa ukirudi langoni mwa Brisbane mara kwa mara, ingawa hazikuelezi kwamba Collingwood walikuwa wapigaji wazuri. Hawakuwa.

Wiki tatu nyuma mambo yalikuwa kinyume. Dhidi ya Melbourne, tarehe 7 Septemba, Collingwood waliingiza mpira ndani ya tao la mita 50 la wapinzani, ule mstari wa upinde uliochorwa mita 50 kutoka golini, mara 37 tu. Melbourne waliingiza mara 69. Kwa takwimu hizo Melbourne wangepaswa kushinda kwa mbali, lakini walipata 7.11 (53) dhidi ya 9.6 (60). Waliingizaje mara 69 wakaambulia magoli saba? Mipira mingi ilipigwa mirefu na ya haraka kuelekea kwenye kundi la wachezaji, na hapo ndipo Darcy Moore, nahodha wa Collingwood msimu huo, anapopapenda. Moore ni beki mrefu ambaye kazi yake kubwa ni kumwacha mtu wake kwa sekunde moja na kwenda kudaka mpira wa mwingine. Kila umpigiapo mpira wa juu bila mshambuliaji wako kumfunga kwa mwili, umempa zawadi.

Kudaka kwenyewe ni nguzo ya mchezo huu. Mpira uliopigwa kwa mguu ukasafiri angalau mita 15, ukidakwa kabla haujaguswa na mtu au kudunda, ni wa mdakaji: anasimama, hakuna wa kumkaba, na mpinzani aliyesimama mbele yake haruhusiwi kusogea hata hatua moja kando tangu sheria ya 2021. Kutupa mpira hairuhusiwi. Unaushika kwa mkono mmoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono wa pili. Ukikimbia nao, kila mita 15 lazima uudundishe au uuguse chini, na kwa mpira wenye umbo la yai hilo si jambo dogo.

Sasa tuje kwenye saa.

Robo moja ni dakika 20, lakini saa inasimama goli likifungwa, mpira ukitoka nje, au mwamuzi akiurusha upya baada ya wachezaji kuulalia. Kwa hiyo robo huweza kufika dakika 30 za saa ya ukutani. Saa haisimami mchezaji anapodaka, na hapo ndipo ufundi wa dakika za lala salama ulipo. Kujiangusha kama golikipa wa timu ngeni hakusaidii kitu, na kuubutua mpira nje kunasimamisha saa, tena kwa sheria za 2023 ukionekana hukujitahidi kuubakisha ndani uliadhibiwa. Kinachokula muda ni pasi za mita 15 hadi 20 kwa mtu aliye peke yake: adake, asubiri mwamuzi amwambie aendelee, apige kwa mwingine. Ukidaka mahali unapoweza kupiga golini una sekunde 30 za kujipanga. Mwenye akili anazitumia zote, hata kama hana nia ya kufunga. Na king'ora kikilia mpira ukiwa mikononi mwa aliyedaka, bado ana haki ya kupiga. Jamie Elliott aliwaua Essendon hivyo Julai 2022, akipiga kutoka pembeni kabisa ya uwanja baada ya muda kwisha.

Timu nyingi zinajua haya yote kwa nadharia. Zinaharibu kwa kuwa mtu mmoja anaogopa, anapiga mrefu kwenye kundi, na mpira unarudi. Tatizo jingine ni mawasiliano: tangu 2019 mtu wa kupeleka ujumbe wa kocha anaruhusiwa kuingia uwanjani baada ya goli tu, na lazima atoke kabla mchezo haujaendelea. Dakika mbili za mwisho wachezaji 18 wanajiongoza wenyewe kwenye uwanja wenye urefu wa mita 160 hivi. Collingwood walikuwa na Scott Pendlebury na Steele Sidebottom, wazee ambao walikuwepo ubingwa wa 2010, na walikuwa na kocha, Craig McRae, aliyefanya hali hizi kuwa somo la mazoezini tangu alipoichukua timu baada ya kumaliza nafasi ya 17 mwaka 2021. (McRae alikuwa mchezaji wa Brisbane walipoifunga Collingwood fainali za 2002 na 2003. Watu wa Collingwood walishamsamehe.)

Tofauti ya alama nayo ina maana yake. Dhidi ya GWS tarehe 22 Septemba ilikuwa 8.10 (58) kwa 8.9 (57). Ukiongoza kwa 1, ile njia ya beki kujitolea pembeni inaleta sare na muda wa nyongeza. Lazima utetee kila kitu. Ukiongoza kwa 4 kama kwenye fainali, unaweza kutoa pembeni tatu na bado ukatwaa kombe, kwa hiyo mabeki wanacheza kwa ujasiri zaidi. Lakini 4 ina mtego wake. Charlie Cameron aliwaweka Brisbane mbele robo ya nne, Jordan De Goey akajibu papo hapo, Sidebottom akaongeza kwa mpira wa mbali, ikawa 10. Kisha Joe Daniher akafunga ikiwa imebaki chini ya dakika 2. Baada ya goli mpira unarudi katikati, na sheria ya 2019 inadai kila timu iwe na wachezaji sita nyuma, sita kati, sita mbele mpaka mwamuzi aurushe. Huwezi kujaza watu wote golini. Yaani timu inayoongoza iko uchi zaidi mara tu baada ya kufungwa, kuliko wakati mwingine wowote. Brisbane hata walipewa mpira wa adhabu katika sekunde hizo za mwisho, mwamuzi akahesabu wameamua kuendelea na mchezo, nafasi ikayeyuka. Mashabiki wao bado wanalia nalo hadi leo, na siwalaumu.

Msimu wa kawaida wenyewe nitaupitia haraka. Mechi 23, ushindi ni pointi 4, sare 2. Collingwood walishinda 18, wakapata pointi 72 na nafasi ya kwanza, mbele ya Brisbane wenye 68. Wakilingana pointi, kinachoamua ni asilimia: alama ulizofunga gawa kwa ulizofungwa, mara 100. Siku ya Anzac, 25 Aprili, kumbukumbu ya wanajeshi wa Australia, walikuwa nyuma kwa 28 kabla ya robo ya mwisho na wakawashinda Essendon kwa 13. Waliwafunga Adelaide mara mbili, kwa 1 na kwa 2. Wakaenda kwa Port Adelaide, klabu ya Aliir Aliir, beki aliyezaliwa kambi ya Kakuma huko Turkana, wakashinda kwa 2. Kufika raundi ya 19 walikuwa na ushindi 16 na vipigo 2.

Halafu gari likakosa mafuta. Carlton, watani wao wa jadi, wakawafunga kwa 17. Hawthorn kwa 32. Brisbane kwa 24. Katika ile ya Hawthorn kiungo Nick Daicos alivunjika mfupa wa goti. Alikaa nje hadi mechi ya GWS, na hata hivyo alimaliza wa tatu kwenye kura za mchezaji bora wa ligi, kura 28 dhidi ya 31 za mshindi Lachie Neale. Ndipo faida ya nafasi ya kwanza ikaonekana. Wa kwanza anacheza na wa nne, na mshindi anapumzika wiki nzima kabla ya mechi ya kuingia fainali. Bila mapumziko hayo goti la Daicos lisingewahi. Mfumo huo unalipa kazi ya miezi mitano kwa siku saba za kulala, na kwangu ndiyo tuzo kubwa kuliko kombe lolote la msimu wa kawaida.

Daicos na kaka yake Josh, pamoja na Moore, wamo kikosini kwa sheria ya baba na mwana. Wachezaji chipukizi hugawiwa kwa zamu, walioshika mkia wakianza, lakini kijana ambaye baba yake alichezea klabu mechi 100 au zaidi anaweza kuchukuliwa na klabu hiyo. Si bure: klabu nyingine ikimtaja, lazima ulipe kwa nafasi zako za uchaguzi zenye thamani inayolingana, kwa punguzo. Gold Coast walimtaja Nick nafasi ya 4 mwaka 2021, Collingwood wakalipa. Katika usajili uliofuata waliongeza Tom Mitchell, Dan McStay, Billy Frampton na Bobby Hill, na wakamwachia Brodie Grundy aende Melbourne huku wakiendelea kumlipa sehemu ya mshahara, kwa kuwa mkataba wake ulikuwa unakaba kikomo cha mishahara.

Hill alifunga magoli manne kwenye fainali na kupewa Medali ya Norm Smith ya mchezaji bora wa mechi. Lakini ukitaka kuona jinsi kombe linavyoshindwa kwa vitu visivyoandikwa, mwangalie Frampton. McStay aliumia goti dhidi ya GWS, Frampton akaingia nafasi yake mbele, na kazi yake haikuwa kufunga. Ilikuwa kumkaba Harris Andrews, beki wa Brisbane anayedaka mipira ya juu kama Moore: kumgusa mwili kabla mpira haujafika, kukimbia mbali ili amfuate, kuhakikisha mpira unaanguka chini badala ya kudakwa. Ukianguka chini, wafupi wenye mbio kama Hill wanaufaidi.

Gharama nyingine hazikuhesabiwa siku hiyo. Katika mechi ya Melbourne, Brayden Maynard aliruka kuuzuia mpira na kumgonga kichwani Angus Brayshaw, aliyezimia. Baraza la nidhamu lilimwachia Maynard. Brayshaw alistaafu Februari 2024 kwa ushauri wa madaktari, na ligi ikabadilisha mwongozo kuhusu kuruka namna hiyo. Beki Nathan Murphy wa Collingwood aligongwa kichwa mapema kwenye fainali, akatolewa, mchezaji wa akiba akatumika mapema kuliko mipango. Kwa sheria za 2023 aliyepata mtikisiko wa ubongo hakuweza kurudi kabla ya siku ya 12, na aliyetolewa ili mchezaji huyo wa akiba aingie hakurudi tena siku hiyo. Murphy naye alistaafu 2024.

Mwaka huohuo wa 2024 Brisbane walichukua kombe kwa kuwafunga Sydney alama 60 bila presha yoyote. Collingwood walitoka sare mara mbili, mojawapo na Essendon siku ya Anzac, 85–85. Walimaliza na pointi 52 sawasawa na timu ya nane, wakakosa mtoano kwa asilimia. Timu ya nane ilikuwa Carlton.