Moshi hadi Engaruka na chumba kinachotoka ubavuni

Barabara ya Moshi kwenda Arusha ni kama kilometa 80 tu, lakini ukivuta karavani, nyumba ya magurudumu, nyuma ya Land Cruiser unaihesabu kwa matuta. Boma Ng'ombe, njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River: kila kijiji na kibao chake cha hamsini, na askari wake wa tochi ya kupima mwendo. Baba mdogo hakuwa na haraka. Amestaafu, na karavani hiyo aliinunua Afrika Kusini ikiwa imeshatumika, akaivuta kupitia Zambia na Tunduma hadi nyumbani Moshi. Mimi riziki yangu ni magari ya utalii hapa Arusha, hasa paa za kunyanyua na madirisha ya kusukuma. Aliponipigia simu hakuuliza kama nina nafasi.

"Mwanangu, chumba kinalia," alisema. "Njoo tusafiri nacho ukisikie mwenyewe."

Ubavuni mwa karavani kuna kipande cha nyumba chenye kitanda. Mkiwa njiani kimezama ndani. Mkifika kambini unabonyeza swichi na kinatoka kama droo, mkapata nafasi ya kupita pande zote za kitanda. Chini yake kuna reli mbili za chuma zenye meno, gia ndogo mbili, mhimili mmoja unaozizungusha kwa pamoja, na mota ya volti 12. Pembeni kimezungushiwa mipira ya kuzuia maji na vumbi.

Usiku wa kwanza tulilala Tengeru, kando ya Ziwa Duluti, lile ziwa la kreta lililozungukwa na msitu. Baba mdogo akabonyeza swichi. Upande wa mbele ukatoka vizuri, wa nyuma ukasitasita, ukalia kwa sauti ya kukwaruza, kisha chumba kizima kikakaa mshazari. Akataka kubonyeza tena.

"Baba mdogo, achia swichi, tafadhali."

Gia zote mbili ziko kwenye mhimili mmoja. Upande mmoja ukikwama na mota ikaendelea kulazimishwa, chumba kinajipinda na meno yanaliwa. Nikapima betri kwanza: ilikuwa juu kidogo ya volti 12.6, imejaa. Betri ikishuka mota inakuwa na nguvu za mgonjwa, na watu wengi hufungua gia bure wakati dawa ni chaja. Nikaweka pima maji sakafuni: karavani ilikuwa imeinamia kulia. Tukaisawazisha kwa mbao chini ya tairi, halafu ndipo tukashusha miguu ya kuegemea. Miguu ile ni ya kuzuia mtikisiko. Ukiitumia kunyanyua karavani, unapinda fremu, na chumba hakitakwenda sawa tena.

Baada ya hapo nilitoa waya hasi wa betri ili mtu asije akabonyeza swichi nikiwa chini, nikatandika mkeka, nikaingia uvunguni na taa ya kichwani.

Reli zilikuwa nyeusi. Gereji iliyoihudumia kabla ya kuuzwa ilizipaka grisi nene kutoka mwanzo hadi mwisho. Barabara zote za safari ile ndefu zilikuwa zimeganda mle ndani. Ukiisugua kati ya vidole unasikia mchanga. Hiyo haikuwa grisi tena. Ilikuwa dawa ya kusaga chuma.

Hili ndilo linaloniuma katika kazi zetu. Fundi akisikia kitu kinalia, mkono unakwenda kwenye kopo la grisi, na mteja naye anaridhika akiona pamepakwa pakang'aa. Grisi ni kitu chema pale ilipofungiwa. Bearing za tairi zinaitaka kwa sababu ziko ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na sili, mpira wa kuziba, inazuia vumbi lisiingie. Reli ya chumba iko wazi, uvunguni juu ya barabara. Ukiipaka grisi umetega mtego wa vumbi, na vumbi la huku kwetu ni majivu ya volkano, laini kiasi cha kupita popote.

Asubuhi nilipanda daladala hadi mjini, nikaenda Unga Limited kwenye maduka ya spea. Nilitaka sprei kavu ya tefloni kwa ajili ya reli na ya silikoni kwa ajili ya mipira. Duka la kwanza kijana alinipa WD-40. Ni nzuri kwa boliti iliyoshika kutu, nami sikosi kuwa nayo. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza unyevu na kuzuia kutu. Lakini haikai muda mrefu kwenye reli, na asili yake ni mafuta ya petroli, jambo ambalo mipira ya aina ile haitaki. Duka la tatu nikapata zote mbili.

Kazi yenyewe ilikula siku nzima, na sehemu kubwa ilikuwa kusafisha. Tulifunika mipira kwa nailoni, tukalainisha ile grisi kwa mafuta ya taa, tukaisugua kwa brashi jino kwa jino, tukafuta kwa matambara mpaka tambara likatoka jeupe. Penye kutu tukapitisha brashi ya waya, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, ila si kwenye meno. Reli zilipokauka kabisa nikapuliza sprei kavu, kidogo tu, nikaingiza na kutoa chumba taratibu kwa mkono wa kuzungushia ili isambae, nikafuta ziada. Ukiigusa reli iliyolainishwa hivyo kidole kinatoka kikavu, ndiyo maana vumbi halipati pa kushika.

Mipira nilimwachia mama mdogo, aliyekuwa na subira kunishinda. Aliiosha kwa maji na sabuni, akaikausha, akapaka silikoni kwa kitambaa hadi kwenye mikunjo. Mafuta ya taa, dizeli au grisi vikigusa mpira wa aina hiyo, unavimba na kulegea, halafu mvua inakukuta kitandani.

Jioni tukarudisha waya wa betri. Baba mdogo akabonyeza. Chumba kikatoka pande zote sawia, kikagota mwisho, mota ikanyamaza. Mzee akakirudisha, akakitoa tena, akakirudisha.

Kutoka Arusha tulipita Kisongo, Meserani na Makuyuni hadi Mto wa Mbu kwa lami, kisha tukakata kulia kuelekea Engaruka. Huko vumbi ni vumbi. Linaingia hata kwenye chupa ya chai. Kila tulipofika, kabla ya kutoa chumba nilipitisha brashi kavu kwenye reli na kwenye jiko la karavani linalovutwa nje kama droo, ambalo reli zake ni za gololi na hazihitaji zaidi ya hapo. Ni kazi ya dakika chache.

Tukirudi, mvua za vuli zilitukuta Mto wa Mbu usiku. Ilinyesha hadi alfajiri. Nilipitisha kiganja kwenye kona zote za ndani, hasa zile za juu ambazo ndizo huvuja kwanza, nikakuta pakavu.

Arusha tulilala kwa shangazi, Njiro, chini ya mjakaranda uliokuwa katika maua. Asubuhi paa la chumba lilikuwa zambarau tupu. Nilipanda ngazi na ufagio. Ua moja likisagwa chini ya mpira linaacha upenyo, na vijiti vinauchana kabisa, kwa hiyo paa hufagiliwa kabla ya kurudisha chumba ndani, hata kama mnachelewa.

Moshi tuliegesha karavani, chumba kikiwa ndani. Nimekubaliana na baba mdogo kwamba kila mwezi atakitoa hadi mwisho na kukirudisha, safari iwepo isiwepo, betri ikiwa imejaa, na kwamba kopo la grisi libaki gereji kwa ajili ya habu za tairi. Sprei zote mbili nimemwachia kwenye kabati la mlangoni.