Ninyi Mliokuwa Kwanza si Taifa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekuwa na moyo mzito. Familia mbili zimetuaga, zinahamia kanisa kubwa la mjini. Wameaga vizuri, tukaomba pamoja, sina neno juu yao. Ila Jumapili, nilipoona viti walivyoacha, nilimuuliza Mungu kama sisi tuliobaki bado ni kanisa au ni mabaki tu.

Nikiwa na swali hilo, Petro akanishika: "ninyi mliokuwa kwanza si taifa, bali sasa ni taifa la Mungu" (1 Petro 2:10). Na kwa kuwa mnanijua kwa kupenda michezo, hamtashangaa kwamba mawazo yalinipeleka Kosovo.

Kosovo, nchi ndogo ya Ulaya, ilijitangazia uhuru kutoka Serbia mwaka 2008. Watu wake hawafiki milioni mbili, na hadi leo ziko nchi zisizoitambua. Binti yao Majlinda Kelmendi alikwenda Olimpiki ya London 2012 akiichezea Albania, maana kwao hawakuwa na nafasi. Mwaka 2014 alitwaa ubingwa wa dunia wa judo, ule mchezo wa mieleka wa Kijapani, kule Chelyabinsk, Urusi, bila bendera ya nchi yake. Alicheza chini ya bendera ya shirikisho la mchezo. Amesimulia kwamba nchi nyingine zilimfuata na fedha nyingi azichezee, akakataa. Desemba mwaka huohuo Kosovo ikatambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Rio 2016 wakaenda wanamichezo 8 tu, Kelmendi akiwa mbele na bendera, na dhahabu akaichukua. Kule Tokyo, Distria Krasniqi na Nora Gjakova wakaongeza dhahabu mbili, tena Krasniqi alimshinda Mjapani fainali, nyumbani kwa judo. Paris 2024 wakapata medali ya fedha na ya shaba. Medali tano, zote za judo. (Sisi Watanzania, tuliozidi milioni 60, tunazo mbili za fedha, za Bayi na Nyambui, Moscow 1980. Tusiwacheke wadogo.)

Lakini aliyenikosesha usingizi ni kocha wao, Driton Kuka. Alikuwa mchezaji hodari enzi za Yugoslavia, nchi ya zamani iliyozijumuisha Serbia na Kosovo. Nchi ile ikasambaratika, na Olimpiki ya Barcelona 1992 ikampita. Baadaye akawa anafundisha judo watoto wa mji wake wa Peja. Hebu fikirini, watoto wale hawakuwa na njia yoyote ya kufika Olimpiki kwa jina la kwao! Kelmendi aliingia pale akiwa mtoto mdogo, miaka kadhaa kabla ya uhuru kutangazwa. Kuka angesema, "Tutambuliwe kwanza, ndipo nianze," nani angemlaumu?

Hapo Roho alinikemea, nami nawakemea ninyi kwa upendo. Sisi tunangoja mno! Tunangoja jengo liezekwe ndipo tuanze ibada ya vijana. Tunangoja vyombo ndipo kwaya iimbe. Tunangoja tuwe wengi ndipo tutoe kwa moyo, kana kwamba Mungu anahesabu vichwa kabla ya kushuka. Gideoni alipunguziwa watu mpaka wakabaki 300, na aliyewapunguza ni Bwana mwenyewe. Yuko mama kati yetu anayefundisha watoto wanne wa shule ya Jumapili, na anajiandaa Jumamosi usiku kama anayekwenda kuhubiri mkutano wa uwanjani. Mama, usichoke. "Maana ni nani aliyeidharau siku ya mambo madogo?" Wewe unayekaa kiti cha nyuma ukipiga hesabu ya kuhama kwa sababu ya aibu ya uchache, nakuuliza: wale watoto wanne unamwachia nani?

Sisemi medali ni wokovu, na watu wengi wa Kosovo ni Waislamu. Wala sihubiri kujivunia bendera. Taifa analolisema Petro halina mpaka, na ndani yake wamo Waserbia na Waalbania pia, watu waliogombania Kosovo. Aliwaandikia wageni waliotawanyika Ponto, Galatia na Kapadokia, watu ambao mjini hawakuwa chochote, akawaita ukuhani wa kifalme wakiwa bado katika hali hiyohiyo.

Maombi ni Jumatano saa 11 jioni kama kawaida, hata tukiwa watano. Na shule ya Jumapili inahitaji mwalimu wa pili. Mwenye moyo huo anione kabla ya Jumapili.