Baba Mdogo, si chuo cha cherehani

Jumapili iliyopita kwenye grupu la ukoo tulikuwa tunapanga mchango wa harusi ya mdogo wetu. Nimetaja kiasi changu, si kikubwa, lakini nimetaja. Baba Mdogo akatuma sauti ya dakika mbili na ushee, na kikohozi ndani yake: "Huyo msimbane. Miaka yote tunajua yuko yunivasiti, kumbe alikuwa chuo cha wananchi. Cha wananchi! Si angebaki hapa Mwanza akasoma chuo kikuu cha SAUT kwa nauli ya daladala?" Watu wakamwaga vicheko. Dada yangu, tumbo moja, naye kaweka cha machozi.

Sasa naandika kwa sababu kwenye grupu siwezi kumjibu mzee.

Kosa la kwanza ni langu. Nilipoulizwa zamani nasoma wapi, nilitafsiri komyuniti koleji kuwa "chuo cha jamii". Mtu wa umri wake akisikia hivyo anaona vile Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanza mwaka 1975, useremala upande huu, cherehani upande ule. (Na hao mafundi tuwaheshimu, ndio waliotengeneza kitanda anacholalia.) Kosa la pili ni kwamba na mimi niliona aibu. Miaka miwili mizima, kila aliyeniuliza nilisema "niko chuoni California" nikanyamaza hapo hapo.

Basi nieleze. Komyuniti koleji ni miaka miwili ya kwanza ya digrii. Unasoma yuniti, yaani vipimo vya uzito wa kozi, kama 60, halafu unahamia chuo kikuu ukianzia mwaka wa tatu, na cheti cha mwisho kinatolewa na chuo kikuu. Vyuo hivi ni vya zamani. Kile cha Joliet, Illinois, kilianza mwaka 1901. Jim Lehrer, mtangazaji aliyeongoza midahalo 12 ya wagombea urais na umakamu wa rais wa Marekani, alianzia Victoria College, chuo cha miaka miwili huko Texas, ndipo akahamia Missouri kwenye shule ya uandishi wa habari iliyofunguliwa mwaka 1908. Hili nilishamwambia Baba Mdogo. Akaniuliza Lehrer ni mtoto wa nani.

Na bei. Kwa mkazi wa California, yuniti moja ni dola 46. Kozi ya yuniti tatu, dola 138. Piga mwenyewe kwa bei ya dola ya leo, halafu kumbuka unachomlipia mtoto wako wa darasa la pili inglishi midiamu, na basi la shule juu.

Ila nisikudanganye wewe unayesoma huku unatafuta pasipoti. Hiyo bei ni ya mkazi. Mimi niliingia kwa bahati nasibu ya Green Card, nikabeba maboksi usiku mpaka ukatimia mwaka mmoja na siku moja, ndipo nikaitwa mkazi. Ukija na viza ya mwanafunzi utalipa mara kadhaa ya hiyo, yuniti zako hazitakiwi kupungua 12 kwa muhula, na kazi, mwaka wa kwanza, ni ndani ya chuo tu, saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Wale wanaokwambia "njoo tu, utajilipia ukifika huku" waulize wao nani aliwalipia.

Sasa uandishi wenyewe. Mwanza nilikuwa nimejitolea kwenye redio moja, miezi kumi na minne, mshahara wangu ukiwa nauli za kwenye mikutano ya waandishi. Mnaojua mnajua. Unasaini karatasi mlangoni, unakula, unasikiliza mgeni rasmi, ukitoka unapewa bahasha, na habari inaanza na jina la mgeni rasmi pamoja na vyeo vyake vyote. Nilifika Unyamwezini, yaani Marekani, nikijiona mwandishi niliyekamilika.

Wiki ya tatu mwalimu, mzee mmoja aliyezeekea magazetini, akanituma kwenye kikao cha bodi ya wadhamini wa chuo. Nikamwomba barua ya utambulisho. Akauliza ya nini. Nikamwambia, wataniruhusuje kuingia? Alinitazama kama nimeongea Kisukuma. Nikaichapa mwenyewe, akasaini kwa kuniridhisha, nikamwomba na muhuri. Ofisi nzima haikuwa na muhuri. Tulipata mmoja kwenye droo, wa tarehe, umeandikwa IMEPOKELEWA kwa Kiingereza. Tukaugonga huo huo.

Nikavaa tai. Mlangoni kulikuwa na mama anapanga viti. Nikampa barua kwa mikono miwili. Akaisoma, akaigeuza nyuma, akanirudishia pamoja na karatasi ya ajenda, akaniambia nikae popote. Basi. Baadaye ndipo mwalimu akanieleza sheria yao iitwayo Brown Act, ya mwaka 1953: ajenda ya kikao cha kawaida inabandikwa saa 72 kabla, na mwananchi yeyote anaingia bila hata kulazimishwa kuandika jina. Mwananchi, Baba Mdogo. Neno lile lile ulilolitumia kunicheka.

Kikao kilikwisha saa tatu na nusu usiku. Wajumbe wakaondoka. Mimi nikabaki koridoni, mkoba kwapani, nasogea sogea karibu na mlango. Mama wa viti akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema hapana. Nilikuwa nimefika kituo cha basi ndipo nikajua nilichokuwa nasubiri: nauli.

Hilo sijawahi kumwambia mtu mpaka leo.

Habari niliyoandika ilirudi na sifuri. Si hamsini, sifuri. Karatasi nzima ilikuwa safi, isipokuwa duara moja jekundu kwenye jina la mjumbe. Nimeandika John, yeye ni Jon. Nililalamika kwamba yamesikika sawa. Mwalimu akasema, "Ulimwuliza?" Sikumwuliza. Kwetu jina tunaliandika linavyosikika, na mheshimiwa humwulizi herufi za jina lake, utaonekana humfahamu. Tangu siku ile namwuliza kila mtu, hata akiwa Smith, na kweli nimekutana na Smyth. Nikaiandika upya habari nzima, ikatoka kwenye gazeti la chuo ukurasa wa tatu, jina langu juu. Langu lilikosewa herufi moja.

Mnanisikia nasifia, sasa ngoja nilalamike. Chumba cha gazeti kilininogea. Kina makochi yaliyochanika, mashine ya kahawa, na watu wanaojali mahali pa koma. Nikarudi muhula baada ya muhula, kila kozi yenye neno habari nachukua. Nilipohamia chuo kikuu nikiwa na yuniti 78, nikapokelewa 70 tu, kwa sababu mfumo wa CSU, vyuo vikuu vya jimbo la California, haupokei zaidi ya hapo kutoka chuo cha miaka miwili. Nane zikaenda na maji. Na kozi ya sheria za habari niliyoifaulu nikaambiwa ni ya ngazi ya chini, niirudie kwao, kwa bei yao. Mshauri aliyekuwa ananisainia fomu kila muhula hakuwahi kulitaja hili hata mara moja. Nilifanya shifti za Krismasi mbili kwenye nyumba ya wazee kulipia uzembe huo, wake na wangu.

Kwa hiyo wewe unayekuja, kabla hujajiandikisha kozi yoyote ingia tovuti ya ASSIST, inaonyesha kozi gani ya koleji gani inahesabika wapi. Uliza ile shahada ya miaka miwili ya kuhamia, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2010. Ukiipata, CSU hawatakudai zaidi ya yuniti 60 nyingine kumaliza. Mimi niliisikia nikiwa nimeshahama. Na chukua hesabu na historia kwanza. Gazeti halikimbii.

Jumatano nikapata ujasiri. Sikutuma kwenye grupu, nilimtumia Baba Mdogo peke yake picha ya ile habari ya kwanza, ya wadhamini na ada ya maegesho. Siku mbili kimya, tiki mbili za bluu. Juzi ikaingia sauti.

"Nimemwita mtoto wa jirani anitafsirie. Kwa hiyo umepanda ndege tatu kwenda Marekani kuandika habari za kuegesha magari?"

Nikajibu, "Ndiyo, Baba Mdogo. Shikamoo."

Ikaja nyingine, fupi: "Marahaba. Sasa hiyo ada, waliipandisha au waliiacha?"