Banda la mamba wachanga nyuma ya nyumba, Makunduchi

Mpwa wangu aliponipigia simu mwezi wa Januari kunieleza kwamba kibali chake kimetoka na kwamba mamba wawili wachanga watavuka kutoka Bara baada ya wiki sita, nilimwuliza swali moja tu: maji machafu yatakwenda wapi? Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, mimi nilidhani utaniuliza habari ya meno." Meno ya mamba mwenye urefu wa sentimita 35 hayamshughulishi mtu anayejua kumshika. Kinachoshughulisha ni ndoo zaidi ya 20 za maji yaliyochanganyika na kinyesi na mabaki ya samaki, kila siku ya Mungu, katika kiwanja chenye kisima.

Kijana huyu ana kobe na chatu ambao huwaonyesha wageni, na mamba alikuwa akiwatamani kwa muda mrefu. Mimi nilifundisha baiolojia kwa miaka mingi, na kabla ya ualimu nilishika mwiko wa uashi kwa marehemu baba yangu, basi kazi ikaniangukia. Fikra yenyewe sikuipenda, na nilimweleza wazi, kwa sababu mamba wa Naili hurefuka kwa takriban sentimita 30 kila mwaka katika miaka yake ya mwanzo, na dume aliyekomaa huweza kupita mita nne. Kwa hiyo banda lolote ambalo ningemjengea lingekuwa la miaka miwili, na baada ya hapo tungeanza upya. Alikubali sharti hilo haraka mno, kama vijana wanavyokubali masharti.

Alikuja na rundo la makaratasi aliyoyachapisha kutoka katika intaneti, karibu yote yakimhusu aligeta wa Marekani. Aligeta ni wa ukoo mmoja na mamba, ila pua yake ni pana na ya mviringo, na akifunga mdomo meno ya taya la chini hujificha, ilhali kwa mamba jino la nne la chini hubaki linaonekana nje. Duniani kuna aina mbili tu za aligeta, wa Marekani na wa China. Yule wa Marekani aliingizwa katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka mwaka 1967, akatolewa mwaka 1987 baada ya kuongezeka tena, na wapo watu wanaomfuga majumbani kwa leseni. Huvumilia baridi kwa namna ya ajabu: maji yakiganda, huiacha ncha ya pua yake juu ya barafu akaendelea kupumua. Hata hivyo mtoto wake akifugwa ndani ya nyumba katika nchi ya baridi anahitaji joto ili ale na kukua, na ndiyo maana makaratasi yale yalijaa taa za kupashia joto, mitambo ya kuchemshia maji na matangi ya kioo. Niliyasoma yote kwa makini, nikayaweka pembeni. Ukimjengea mamba banda la namna hiyo Makunduchi mwezi wa Februari, utampika.

Tulianza na karo, yaani mashimo ya kupokea maji machafu. Ardhi yetu ya kusini mwa Unguja ni maweni, mtaimbo unadunda, na vijana wawili walitumia siku nne kuchimba shimo la futi sita. Shida ya mwamba wa matumbawe ni kwamba una vitobo vingi: maji hupotea upesi, mtu akafurahi, kumbe yanaelekea kisimani. Kwa hiyo shimo la kwanza, lile la kutuamisha uchafu, tulilijengea kwa bloki na kulipiga lipu chini na pande zote, na maji yaliyotulia ndiyo yanayomwagika katika shimo la pili, kisha tunayavuta kwenda kwenye migomba, upande wa mbali na kisima. Karo hilo lilikula karibu nusu ya saruji yote tuliyonunua. Mpwa wangu alilalamika kwamba pesa zinazikwa ardhini, na kweli zilizikwa.

Banda lenyewe lina urefu wa futi 12 na upana wa futi 8. Ndani yake kuna kidimbwi cha sentimita 180 kwa 120, ambacho sakafu yake huanzia kwenye ukavu na kuteremka taratibu hadi sentimita 40 kwenye tundu la kutolea maji. Mteremko huo ndio roho ya kazi, kwa sababu mamba mchanga huchagua mwenyewe kina anachokitaka, hatafuti ngazi, na uchafu wote husogea wenyewe kuelekea kwenye tundu ukifungua kizibo. Kikijaa huchukua lita 432, yaani kiasi cha ndoo 22 za lita 20. Maji ya kisima chetu yana chumvichumvi, jambo ambalo lingenitia wasiwasi kama wangekuwa aligeta. Mamba ana tezi ulimini zinazotoa chumvi mwilini, na aligeta hana uwezo huo.

Hapa ndipo nilipokosea. Kwa haraka niliiacha zege ya kidimbwi ikiwa na chenga, nikidhani miguu itapata pa kushika. Baada ya siku tano yule mdogo zaidi alikuwa na mkwaruzo mwekundu chini ya kidevu, mrefu kama punje ya mchele, na mwingine mdogo tumboni. Tukawahamishia katika beseni, nikapiga niru, ule uji wa saruji wa kulainishia, kwa mwiko wa chuma mpaka mkono ukateleza juu yake, na tukakijaza na kukimwaga kidimbwi mara kadhaa kwa siku kumi ili makali ya saruji yatoke. Kidonda kilipona.

Kosa la pili lilikuwa la wavu. Kuta ni za bloki, futi tatu, na juu yake tulizungusha wavu wa kuku, kwa kuwa mamba ni mnyama wa chini. Alfajiri moja nilimkuta mmoja ameshaupita ukuta kwenye pembe, kucha zimejishika katika wavu, mkia unaning'inia, ametulia kabisa kama mjusi wa darini. Wadogo hupanda, hasa penye pembe wanapoweza kusukuma pande mbili kwa pamoja. Tuliung'oa wavu ule, tukapandisha bloki hadi futi nne, tukazijaza pembe kwa saruji zikawa mviringo, na juu tukaweka mdomo wa ubao unaoingia ndani kwa sentimita 20.

Joto tulilipima kwa kipimajoto cha kawaida cha maji. Wakati wa kaskazi, saa saba mchana, kidimbwi kisicho na kivuli kilifika digrii 36, na wale wawili walikuwa wametwama na kuacha macho tu. Tuliezeka theluthi mbili ya banda kwa makuti juu ya boriti, tukaiacha sehemu ya mashariki wazi ili wapate jua la asubuhi, na maji yakashuka hadi kati ya 30 na 32, ambayo ndiyo yanayowafaa. Kipupwe kilipoingia mambo yaligeuka: asubuhi maji yalisoma 24, wakagoma kula dagaa na panzi. Sikununua taa. Tulibadilisha saa ya kujaza kidimbwi, badala ya alfajiri tukajaza alasiri, kutoka katika tangi jeusi lililokaa juani mchana kutwa.

Jambo jingine lililowatuliza lilikuwa ubao mpana unaoelea kwenye pembe ya kidimbwi. Kabla ya hapo, mtu akipita tu, hata mtoto aliyebeba kikapu, walikimbilia pembeni wakalaliana. Sasa huingia chini ya ubao na kutoka wenyewe. Mikono tunanawa kwa sabuni kila tunapotoka bandani, na ndoo za mamba haziingii jikoni. Shemeji yangu amezipaka rangi nyekundu ili pasiwe na udhuru.

Jana tuliwapima. Mkubwa ana sentimita 52, na mpwa wangu ameshatandika kamba chini kuonyesha mahali litakapokaa banda la pili, futi 30 kwa 20, na karo lake. Nimeujaribu mtaimbo mahali hapo. Kwa futi ya kwanza ni udongo.