Nilivyokomesha makosa ya dozi ya mofini ya mama

Mama alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi, tukimuuguza nyumbani kwa mofini ya maji, dawa ya maumivu makali. Mwanzoni tuliambiwa tumpe akiumwa tu, nasi tukawa tunangoja mpaka alie. Lakini chupa ya pili ndiyo iliyonikata maini. Ya kwanza ilikuwa miligramu 5 kwa mililita 5. Hii ilikuwa miligramu 50, na maelekezo yalibaki yaleyale: mililita 5. Mara kumi! Niliona rangi imebadilika, nikasoma lebo kwa tochi ya simu. Nesi akaniambia, "Usimpe, dada," na chupa ikabadilishwa.

Tangu hapo daftari halikutoka kando ya kitanda. Niliandika miligramu kwanza, mililita baadaye, saa, na sahihi ya aliyempa. Bomba la sindano la kupimia dawa nililichora mstari wa rangi ya kucha penye kipimo chake. Kila chupa mpya, namsomea nesi lebo kwenye simu kabla ya kuifungua. Daftari hilohilo lilionyesha siku nne hajapata choo. Hakuna aliyemwandikia dawa ya kulainisha, ingawa mofini hufunga choo. Nikaidai, ikaandikwa. Mofini nayo akapewa kila baada ya saa 4, bila kungoja alie, na usiku akalala.